Ugonjwa Uliomo Katika Maneno

Mwezi huu sikuleta habari ya kilimo wala ya malezi, bali habari ya picha moja ya sinema. Najua wako miongoni mwenu watakaokunja uso na kuuliza, Mwalimu ana nini na picha za wafu wanaotembea? Mimi nami nilikunja uso vile vile, siku mwalimu mwenzangu aliponiita kwake jioni tuitazame katika kompyuta yake. Nilidhani nitaona damu na kusikia makelele, kisha nitakwenda zangu kulala. Walakini nilirudi nyumbani kimya, na tangu siku ile kila niingiapo darasani huwasikiliza wanafunzi wangu kwa namna nyingine. Ndiyo sababu ya kuandika.

Kwanza yafaa tulieleze neno zombi, maana picha hii huhesabiwa katika jamii ya picha za mazombi. Neno hili lilienea ulimwenguni kutoka nchi ya Haiti, ambako watu waliochukuliwa Afrika kwa nguvu walilima miwa ya Wafaransa, hata walipojikomboa na kuwa taifa mwaka 1804. Zombi wa Haiti ni maiti aliyeinuliwa na mchawi ili amtumikie; hana hiari, wala hana usemi wake mwenyewe. Wasomaji wa Tanzania hawatashangaa, kwa kuwa hadithi kama hizo zasimuliwa kwao pia: wako wamwitao mtu wa namna hiyo msukule, na upande wa kusini humwita ndondocha. Mtu wa Haiti hakuogopa sana kwamba zombi atamla. Aliogopa kuwa zombi yeye mwenyewe, yaani kutumikishwa hata baada ya kufa.

Sinema ilipolipokea neno hili, ilianza na zombi wa namna ile ya kale. Katika picha iitwayo White Zombie, ya mwaka 1932, twawaona wakizungusha kinu cha miwa bila kusema neno. Lakini mwaka 1968 Mmarekani George A. Romero alitoa Night of the Living Dead, iliyotengenezwa karibu na mji wa Pittsburgh kwa dola kama 114,000 tu, fedha ndogo kwa kazi ya sinema. Tangu hapo wafu wa sinema wamekuwa walaji wa watu. Zimefuata picha nyingi za mfano huo, na nyingi kati yake hazina zaidi ya mbio na damu.

Picha ninayotaka kuieleza yaitwa Pontypool. Ilitengenezwa nchini Kanada, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2008. Mwongozaji wake ni Bruce McDonald, na mwandishi ni Tony Burgess, aliyeitoa katika kitabu chake mwenyewe cha miaka ya 1990. Haikujengwa kwa fedha nyingi: karibu mambo yake yote yatendeka ndani ya nyumba moja, na wachezaji wakubwa hawazidi wanne. Pontypool ni kijiji cha kweli katika jimbo la Ontario. Katika hadithi hii, kituo kidogo cha redio kimewekwa chini ya kanisa la kijiji, katika chumba kilichochimbwa ardhini. Mtangazaji wa asubuhi ni Grant Mazzy, ambaye mchezaji wake ni Stephen McHattie, mwenye sauti nzito ya kukwaruza. Mazzy alikuwa na sifa katika mji mkubwa, kisha akapoteza kazi, na sasa awatangazia wanakijiji habari za theluji na za paka aliyepotea. Pamoja naye wamo Sydney Briar, msimamizi wa matangazo, na kijana Laurel-Ann Drummond anayeendesha mitambo.

Siku yenyewe ni tarehe 14 Februari, siku ambayo watu wa huko huambiana maneno ya mapenzi. Theluji yaanguka kwa nguvu. Alfajiri, Mazzy akiwa ndani ya gari lake, mwanamke asiyemjua atokea gizani, apiga kioo cha dirisha, ayarudia maneno ya Mazzy kama mwangwi, kisha apotea. Hajui maana yake nini, nasi hatujui. Hata saa chache baadaye habari zaanza kuja kwa simu: watu wamekusanyika mbele ya nyumba ya daktari, wanapiga kelele maneno yasiyo na maana, wanashambuliana.

Basi, ugonjwa wenyewe ni nini? Hapa ndipo picha hii inapoachana na ndugu zake zote. Ugonjwa huu hauji kwa mate, wala kwa damu, wala kwa upepo. Waja kwa maneno. Baadhi ya maneno ya Kiingereza yamepatwa na maradhi, na mtu akilisikia neno lililopatwa na kulifahamu, maradhi humwingia kwa njia ya kufahamu kwake. Kwanza hushikwa na neno moja, akawa analirudia rudia wala hawezi kuliacha. Kisha usemi wake wote huvurugika, asiweze kujieleza. Mwisho, kwa kukata tamaa, hutaka kuyatafuta maneno yake katika kinywa cha mwenzake, kwa meno. Mwongozaji McDonald mwenyewe hapendi wagonjwa hawa waitwe mazombi, huwaita wazungumzaji. Nami naona jina hilo latisha kuliko lile la kwanza, maana sisi sote tu wazungumzaji.

Nianze na sifa. Sifa ya kwanza ya picha hii ni kwamba umaskini wake umegeuka kuwa utajiri. Waliokuwa na fedha wangetuonyesha kijiji chote kikiwaka moto. Hawa hawakuweza, wakatufungia chini ya kanisa pamoja na watu watatu na maikrofoni, nasi tukaachiwa masikio tu. Ninyi mnaokaa barazani jioni mkisikiliza redio mwajua nguvu ya jambo hili: mtangazaji akieleza ajali au mchezo wa mpira, kila msikilizaji hujichorea picha yake moyoni, na picha ile haina mpaka. Yakumbusha usiku wa tarehe 30 Oktoba mwaka 1938, Orson Welles alipotangaza kutoka New York mchezo wa redio juu ya viumbe waliokuja kutoka sayari ya Mars, baadhi ya wasikilizaji wakaamini kwamba ni habari ya kweli.

Kuna mtu mmoja katika picha ambaye hatumwoni kamwe, naye ndiye niliyemkumbuka zaidi. Jina lake Ken Loney. Kazi yake ni kutangaza habari za barabara kutoka angani, katika helikopta ya kituo. Kumbe hakuna helikopta! Ken hukaa ndani ya gari lake juu ya kilima, na mlio wa helikopta ni sauti ya kutiwa tu. Wanakijiji wamedanganywa kila asubuhi, tena kwa uongo mdogo usiomdhuru mtu. Lakini siku hii ya maafa ni yeye Ken anayekuwa shahidi wa kweli. Ajificha, na kwa simu, huku akitetemeka, aeleza ayaonayo. Sauti iliyozoea kudanganya yasema kweli kwa mara ya kwanza, na waliomo katika chumba cha redio hawajui waiamini au wasiiamini. Baadaye Ken arudi katika simu, na katikati ya habari yake ulimi waanza kujikwaa. Ashika neno, aliacha, ashika jingine lililofanana nalo, hata sauti yake yaisha katika mkorogo. Hakuna tone la damu lililoonyeshwa hapo. Nilisikia baridi mgongoni.

Sifa ya pili ni tangazo la askari. Katikati ya fujo, redio yaingiliwa na sauti isemayo Kifaransa, kwa maana Kanada yasemwa lugha hizo mbili. Laurel-Ann alifasiri na kumwandikia Mazzy, naye alisoma hewani. Tangazo lawaonya watu wasiwakaribie jamaa zao wa karibu, wasitamke maneno ya mapenzi, wasiseme na watoto kwa maneno ya kuwabembeleza, tena wasitumie Kiingereza. Hata mwisho wake ndipo aonapo agizo la mwisho: tafadhali, tangazo hili lisifasiriwe. Nalo limekwisha kufasiriwa, limekwisha kusomwa, limekwisha kuingia katika kila nyumba. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hapa aliyejikwaa alikuwa akitimiza wajibu wake kwa uaminifu.

Angalieni pia ni maneno gani yaliyotajwa kuwa ya hatari. Si matusi, wala si maneno ya vita. Ni yale ambayo mume humwambia mke na mama humwambia mtoto, kwa sababu hayo ndiyo yanayotamkwa mara nyingi kuliko yote, na aghalabu bila moyo kuwapo. Mwandishi hakulisema hili wazi, lakini alilipanda katika siku aliyoichagua.

Sasa nitaje kasoro, maana mwenye kusifu tu si mchambuzi. Daktari Mendez aingia dirishani ghafla, na mara aanza kueleza ugonjwa kana kwamba ametumwa na mwandishi kuja kutufundisha. Hofu iliyokuwa imekua gizani yapungua ikipigwa na taa ya maelezo. Pia kuna waimbaji wa kijiji waliojivika na kujipaka rangi kama Waarabu ili waimbe hewani. Yamkini mwandishi alitaka kuucheka ujinga wao, lakini kicheko chenyewe ni chembamba, nasi wa nchi hizi, wenye jirani na ndugu Waarabu, hatuwezi kucheka nacho. Tena sehemu ya mwisho yakimbia mno. Mambo yaliyohitaji kupumua yasongamana. Na kwa ajili ya mambo machache ya kutisha, hasa lile la Laurel-Ann anapopatwa na kujigonga kiooni, picha hii si ya watoto.

Lakini jambo kubwa la picha liko katika dawa yake, nalo ndilo lililonikosesha usingizi. Sydney apatwa. Neno lake ni la Kiingereza lenye maana ya kuua, yaani "kill", naye alirudia bila kukoma. Mazzy hana sindano wala kidonge. Alichonacho ni maneno tu. Aanza kumwambia kwamba neno hilo maana yake si kuua. Amtajia hiki na kile, mpaka ashika neno jirani kwa sauti, "kiss", yaani kubusu. Amwambia ya kuwa kuua ni kubusu, amfanya alirudie katika maana hiyo mpya, na amsihi auombe ule uuaji. Amwomba amuue, naye ambusu, na ugonjwa wamwachilia.

Nilipoona hayo nilikasirika. Mimi ni mwalimu. Kwa miaka yote ya kazi yangu nimewaambia watoto ya kuwa kufahamu ndiko kuishi, na neno lisilo na maana ni mzoga. Picha hii yasema ya kuwa ugonjwa huingia kwa mlango wa kufahamu, na apendaye kupona sharti aache kufahamu! Nikamwambia mwenzangu, hii ni elimu ya wendawazimu. Yeye akacheka, akasema, "Ndugu yangu, hebu tazama tena."

Nikatazama tena. Nikaona ya kuwa sikuwa nimetazama vema. Mgonjwa analijua neno lake, lakini halitumii. Neno ndilo linalomtumia yeye. Lazunguka kinywani mwake kama punda wa kinu, wala yeye hana amri juu yake. Huyo ndiye zombi wa Haiti kabisa, yule mtumwa asiye na usemi wake, ila safari hii bwana wake si mchawi bali ni neno. Naye Mazzy hakulitupa neno la Sydney wala hakumfunga kinywa. Alilichukua neno lile lile, akalifanyia kazi kwa jasho, pamoja na mwenzake, hata likawa lao. Dawa haikuwa kuacha kufahamu. Dawa ilikuwa kuacha kupokea maana iliyokwisha kupikwa, na kuitafuta upya mkiwa wawili.

Hapo nikakumbuka jambo lililonipata mimi mwenyewe, nami nitaliungama mbele yenu. Siku moja, katika somo la sayansi, niliandika ubaoni kwa Kiingereza kwamba maji huchemka katika digrii 10. Nilikuwa nimechoka, nikasahau sifuri moja. Wanafunzi wakanakili. Nikawaamuru wasome kwa sauti, wakasoma wote kwa sauti moja, mara tatu. Nikauliza kama wamefahamu, wakaitikia ya kuwa wamefahamu. Baada ya wiki mbili nikawapa mtihani, na katika kusahihisha nikakuta digrii 10 katika karatasi ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Nikaghadhibika, nikasema darasa gani hili la wavivu! Hata nilipofungua daftari moja ndipo nilipotambua kosa ni la nani.

Wasomaji, watoto hawa huteka maji kabla ya jua kutoka. Huku kwetu milimani, asubuhi ya mwezi wa Julai, maji ya mtungini huwa karibu na digrii 10, na mtoto akinawa hulia kwa baridi. Kila mmoja wao amekwisha kuchemsha maji ya ugali mara elfu. Wala hakuna hata mmoja aliyeinua mkono. Nikamwuliza msichana mmoja, aliye hodari kuliko wenzake, kwa Kiswahili, Je, wewe hukujua? Akainamisha kichwa, akanijibu kwa adabu, "Nilijua, Mwalimu. Lakini ulitaka maneno yako, nami nikakurudishia."

Jibu lile nililisikia kwa masikio wakati ule. Nililisikia moyoni nilipomwona yule mwanamke wa theluji akimrudishia Mazzy maneno yake dirishani. Mtoto yule hakuwa mjinga wala mvivu. Alikuwa amefundishwa, nami ndiye niliyemfundisha, ya kuwa kazi ya kinywa chake ni kuwa mwangwi.

Tena angalieni jambo jingine. Mazzy na Sydney walipoogopa Kiingereza, walijaribu kusemezana kwa Kifaransa chao kibovu cha shuleni, wakichekesha na kutia huruma. Naye daktari, ulimi ulipoanza kumshika, alikimbilia lugha nyingine. Mwenye lugha mbili ana mlango wa pili wa kutokea nyumba inapoungua. Sisi wa nchi hizi wengi wetu tunayo milango mitatu: lugha ya mama, Kiswahili, na ile ya shuleni. Na bado ziko shule ambazo mtoto akisikiwa akisema Kiswahili huadhibiwa. Sisemi Kiingereza kiachwe. Mimi mwenyewe nakifundisha, na chanipa mkate. Nasema mtoto aliyeelezwa jambo kwa lugha moja tu, akakatazwa kuligeuza kwa nyingine, hana njia ya kujua kama amelifahamu. Siku ile ya digrii 10, kama ningalimwambia mtoto mmoja tu, eleza kwa maneno ya nyumbani kwenu, darasa zima lingalicheka, na kicheko kile kingalituponya sote.

Labda mtu atasema, Mwalimu, mbona sisi nasi twarudia maneno kila siku? Mtu aulizwa habari za nyumbani, ajibu nzuri, hali amefiwa. Ni kweli. Lakini msikilizeni mtu huyo vema. Husema, "Nzuri, lakini tumepatwa na msiba." Neno la kwanza ni la desturi, lafungua mlango, kisha laja lile "lakini", na ukweli waingia nyuma yake. Salamu zetu hazijafa, maana baada yake kuna nafasi ya "lakini". Zitakufa siku ile mtu atakapojibu nzuri, mwenzake akapita zake bila kungoja.

Mwisho wa picha, Mazzy akataa kunyamaza. Askari wawaonya wasitangaze, yeye arudi kwenye maikrofoni na kuwasihi wanakijiji waache kuyashika maneno kama walivyoyazoea. Sauti ya askari yahesabu kwa Kifaransa ikishuka. Wawili wale wabusiana, na picha yakatika. Wako watakaosema alifanya vibaya, kwa kuwa kila neno lililotoka laweza kuwa limebeba maradhi. Mimi nimelifikiri sana, na naona alifanya vema. Kimya hakimponyi mtu aliyeshikwa na neno. Humwacha naye peke yake. Walakini kusema kwake kulikuwa na gharama, na mtu asiyekubali gharama hiyo heri anyamaze.

Nami sasa, nikimaliza somo, siwaulizi tena wanafunzi kama wamefahamu. Huchagua mmoja, nikamwambia anieleze kama atakavyomweleza bibi yake jikoni. Mara nyingine huandika ubaoni kosa moja kwa makusudi, nikangoja. Mwezi wa kwanza nilingoja bure. Juma lililopita, mkono mmoja uliinuka huko nyuma, polepole, kwa hofu. Mtoto akasema, "Samahani, Mwalimu, lakini..."

Sikumbuki alivyomaliza. Neno lile moja lilinitosha.